Sura ya Nne: Kapteni wa Malkia, Safari ya Mfalme Mwingine

Komini ya Panda ni moja kati ya nne zinazounda mji wa Likasi. Nyingine ni Kikula, Shituru na ile yenye jina la mji wenyewe. Wabelgiji waliuita mji huu Jadotville kwa heshima ya Jean Jadot, mhandisi aliyepanda hadi kuiongoza Société Générale, benki iliyoshika hazina kubwa ya uchumi wa Kongo. Katika miaka ya 1920 kampuni ya Union Minière iliweka Panda mitambo ya kuchambua na kuyeyusha shaba, na tangu hapo familia nyingi za Likasi zimesomesha watoto, zimeoza mabinti na zimezika wazee kwa mshahara uliotoka kwenye mitambo hiyo au kwa jirani yake wa Shituru.

Kwa nini basi mwajiri wa Panda alikuwa Mbelgiji? Kitwe na Ndola ziko upande wa pili wa mpaka, kilomita zisizozidi 300 hivi kwa mstari ulionyooka. Shaba ya huko ni ya ukanda uleule na miamba yake ni ileile, na hata wachimbaji wa mwanzo walikuwa na ndugu pande zote mbili. Lakini kule bosi aliitwa kwa Kiingereza, na mrabaha wa shaba ukaenda kwenye kampuni ya Cecil Rhodes. Mpaka huo haukuchorwa na mto wala na makabila. Kwa sehemu kubwa uliamuliwa katika majuma sita hivi ya mwisho wa 1891 na mwanzo wa 1892, kwenye kijiji kikubwa cha Bunkeya, kilomita zipatazo 70 kaskazini ya Likasi. Aliyeuamua kwa faida ya mfalme wa Ubelgiji alikuwa ofisa wa jeshi la Uingereza. Jina lake ni William Grant Stairs, naye alikufa kabla ya kutimiza miaka 30.

Alizaliwa Halifax, Nova Scotia, mwaka 1863, katika ukoo wa wafanyabiashara wenye kiwanda cha kamba za meli. Alipelekwa shule Edinburgh, akarudi Kanada, na mwaka 1878 akaingia chuo cha kijeshi cha Kingston, ambacho wakati huo kilikuwa na miaka miwili tu. Alipohitimu alikwenda New Zealand kupima ardhi. Kwa miaka mitatu hivi alivuka misitu na mito ya kaskazini ya nchi ile akiwa na vyombo vya upimaji mabegani, na nadhani kipindi hicho kilimfunza kazi kuliko darasa lolote. Mwaka 1885 alipewa cheo cha luteni katika Royal Engineers, kikosi cha wahandisi wa kijeshi, akaenda Chatham kwa mafunzo zaidi.

Hapa inafaa tusimame kidogo tuulize ofisa wa Uingereza alikuwa mtu wa aina gani. Tangu karne ya 17 hadi mwaka 1871, vyeo vya jeshi la miguu na la farasi vilinunuliwa na kuuzwa kama viwanja. Kijana wa ukoo wenye fedha alinunua cheo cha chini, akaongeza fedha akapanda, na alipotaka kustaafu alimuuzia mwingine. Katika orodha rasmi ya bei ya 1821, ukapteni wa kikosi cha kawaida cha miguu uliuzwa pauni 1,800. Aliyekosa mali, au aliyechoka kungoja, alitafuta mfalme mwingine wa kumpigania. Katika karne hiyo ya 17 Waskoti kwa maelfu walikwenda kupigana chini ya Gustavus Adolphus wa Sweden, wengine Uholanzi, wengine Ufaransa, mara nyingi kwa ruhusa ya mfalme wao. Ofisa alikuwa fundi wa vita mwenye ujuzi wa kukodishwa, na hakuna aliyemwita msaliti.

Stairs alizaliwa biashara hiyo ikiwa inafifia. Tena kikosi chake cha wahandisi hakikuwahi kuuza vyeo, kwa hiyo alipanda kwa zamu, na zamu ilikuwa ndefu. Kwa mtu mwenye haraka, amani ya Chatham ilikuwa adhabu. Ndiyo maana, Henry Morton Stanley alipotangaza mwishoni mwa 1886 kwamba anatafuta maofisa wa kwenda kumwokoa Emin Pasha, gavana wa Misri aliyekwama kusini ya Sudan, Stairs aliandika barua fupi ya kuomba kazi. Maombi yalikuwa mamia. Stanley alipenda barua ile kwa sababu haikuwa na maneno mengi, na wizara ya vita ikampa luteni likizo.

Msafara uliondoka Zanzibar Februari 1887 kwa meli ya Madura, ukazunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi mdomo wa mto Kongo. Ndani ya meli walikuwamo wapagazi na askari wa Kizanzibari wapatao 600, na Tippu Tip mwenyewe, yule mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, pamoja na watu wake. Kuanzia Juni, kutoka Yambuya kwenye mto Aruwimi, Stanley aliingia msitu wa Ituri na kundi la mbele la watu 389. Hawakuwa na ramani, na chakula walichokitegemea ni kile ambacho wangekipata njiani.

Tarehe 13 Agosti, mahali panapoitwa Avisibba, Stairs alipigwa mshale wenye sumu chini ya moyo. Daktari wa msafara, Thomas Parke, aliinyonya sumu kwa mdomo wake. Wapagazi waliopigwa mishale siku hiyo walikufa mmoja mmoja kwa pepopunda na sumu. Stairs alipona, ila ncha ya mshale ilibaki mwilini mwake zaidi ya mwaka mzima kabla Parke hajaitoa.

Jambo hilo husimuliwa sana, kwa kuwa linampamba. Lisilosimuliwa sana ni yale aliyoyaandika mwenyewe katika shajara yake ya Septemba mwaka huohuo. Njaa ilikuwa imewabana, nao walikuwa wakivamia vijiji kutafuta ndizi na muhogo. Stairs anaeleza jinsi yeye na watu wake walivyojilaza kichakani wakitazama kijiji kikiendelea na shughuli zake: wanawake wakitwanga ndizi kavu kupata unga, wengine wakiponda magome ya kutengenezea nguo, wanaume wakijenga vibanda, watoto wakikimbia na kuimba. Aliyatazama haya kwa makini ya mpimaji na kuyaona ya kupendeza. Kisha akafyatua risasi ya kwanza, akampiga mtu mmoja kifuani, na bunduki nyingine zikafuata. Sentensi zake hazibadili sauti kati ya unga na risasi. Nimesoma shajara na ripoti za wasafiri wengi wa kipindi kile, na wengi wao hujitetea au hujisifu. Stairs hafanyi hata kimoja, na ndiyo sababu ukurasa ule unatisha. Anayetaka kuelewa yaliyotokea Bunkeya miaka minne baadaye aanzie hapo.

Kazi aliifanya vizuri, kwa maana ya kazi kama alivyofundishwa. Mwaka 1888 aliongoza ngome ndogo ya Fort Bodo katikati ya msitu kwa miezi kadhaa, akalima mahindi na kuwalinda wagonjwa, wakati Stanley amerudi nyuma kutafuta kundi lililobaki Yambuya. Kundi lile lilikuwa limeangamia. Kiongozi wake, Meja Edmund Barttelot, naye ofisa wa malkia, alikuwa ameuawa kwa risasi baada ya miezi ya viboko na wazimu. Juni 1889 Stairs alipanda mlima Ruwenzori na watu wapatao 40, akafika zaidi ya mita 3,200 kabla ya baridi na kukosa chakula kumrudisha. Hakuna mgeni aliyekuwa amepanda hadi pale kabla yake, na hadi leo kilele kimoja cha mlima Luigi di Savoia, katika safu hiyohiyo, kinaitwa kwa jina lake. Desemba 1889 msafara ulifika Bagamoyo, na Emin Pasha pamoja nao, ingawa kwa kweli hakuwa ametaka sana kuokolewa.

London iliwapokea kwa shangwe. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ikampokea Stairs miongoni mwa wanachama wake. Halafu akarudi kambini kuhesabu magwaride. Mwaka 1891 alihamia Welsh Regiment akiwa kapteni, na mwaka huohuo Brussels ilimwita.

Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji, alikuwa mmiliki wa Dola Huru ya Kongo kwa jina lake binafsi. Kwenye ramani aliyoitangaza mwaka 1885, Katanga ilikuwa ndani ya mipaka yake. Lakini mkutano wa Berlin ulikuwa umeanzisha mazoea kwamba dai la ardhi lithibitishwe kwa kuikalia, na Katanga hakuna Mbelgiji aliyeikalia. Nchi ilikuwa ya Mwenda Msiri Ngelengwa, Msumbwa kutoka upande wa Tabora, ambaye baba yake Kalasa alikuwa mfanyabiashara wa shaba. Msiri alikuja miaka ya 1850 kufanya biashara akabaki kutawala. Bunduki za kutoka pwani zote mbili, Benguela upande wa magharibi na Bagamoyo upande wa mashariki, zilimjengea ufalme wa Garanganze. Alibadilishana pembe, shaba, chumvi na watu. Tusimpake mafuta: alikuwa muuzaji wa watumwa, na wageni waliofika Bunkeya waliona mafuvu ya maadui wake kwenye miti ya uzio. Lakini alikuwa mtawala halisi wa nchi yake, na Wazungu wote walilijua hilo, kwa maana kila mmoja alitaka saini yake.

Novemba 1890 Alfred Sharpe alifika kutoka Nyasa kwa niaba ya kampuni ya Rhodes, akiwa na mkataba mkononi. Msiri aliposomewa maana yake alimfukuza. Mwingine aliyetumwa na Rhodes, Joseph Thomson, alirudishwa na ndui kabla ya kufika. Aprili 1891 akaja Paul Le Marinel wa Dola Huru. Hakupata saini, ila aliacha kituo kidogo mto Lofoi. Leopold akaona wakati unamponyoka. Tarehe 15 Aprili 1891 ilianzishwa Compagnie du Katanga, ambayo ingepata theluthi ya ardhi ya Katanga kwa malipo ya kuitwaa nchi. Kampuni ilihitaji mtu wa kutoka pwani ya mashariki haraka, anayejua msitu na wapagazi, anayeweza kupima na kujenga ngome, na asiye na tabia ya kusita. Ilimkodi Stairs.

Ofisa wa Uingereza alipewa kazi ya kuwawahi Waingereza. Hilo halikumzuia, kama ambavyo halikuwazuia wale Waskoti wa Gustavus Adolphus. Likizo ya wizara ilikuwapo na mkataba ulikuwapo. Wenzake wanne wa Kizungu walikuwa wa kila taifa: Kapteni Omer Bodson, Mbelgiji, Christian de Bonchamps, markizi wa Kifaransa aliyependa kuwinda, Joseph Moloney, daktari kutoka Ireland, na Thomas Robinson, seremala Mwingereza. Bodson peke yake ndiye aliyekuwa raia wa mfalme waliyemtumikia.

Lakini msafara haukuwa Wazungu watano. Ulikuwa wangwana wa Zanzibar na Wanyamwezi, jumla karibu 400, chini ya wanyapara wao, mkubwa akiwa Hamadi bin Malum. Wao walibeba mizigo ya kilo 30 hivi kila mtu, wakazibeba bunduki mia mbili za Kifaransa za aina ya Gras, wakavuta mashua za chuma zilizokatwa vipande. Amri zilitolewa kwa Kiswahili, mapatano na watemi njiani yalifanywa kwa Kiswahili, na ugomvi wa usiku kuhusu posho pia. Miongo kadhaa baadaye lugha hiyohiyo ndiyo wasimamizi wa Union Minière walilazimika kujifunza ili waeleweke Panda. Haikuja Katanga na mabwana wa migodi. Iliwatangulia kwa njia hizi za misafara.

Waliondoka Bagamoyo mapema Julai 1891, wakapita Mpwapwa na Tabora hadi Karema kwenye Ziwa Tanganyika. Walivuka ziwa mwishoni mwa Oktoba. Tarehe 14 Desemba waliingia Bunkeya. Kwa mwendo wa miguu wa watu mia nne, miezi mitano na kidogo ni kasi kubwa.

Walichokikuta ni mji wenye njaa. Wasanga, wenyeji wa nchi ya shaba ambayo leo ni Likasi na Kambove, walikuwa wameasi. Msiri alikuwa amewatoza kodi na kuwachukua watu wao kwa miaka mingi, na mauaji ya mwanamke wao aitwaye Masengo yaliwasha moto. Walikata njia, wakachoma mashamba, wakazuia chakula kisiingie Bunkeya. Wasanga ndio waliokuwa mafundi wa shaba hasa, wale waliochimba kwa mikono na kuyeyusha ile misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha na mahari katika eneo lote. Vitabu vingi vya Ulaya vinamwonyesha Stairs akiuvunja ufalme wenye nguvu. Ukweli ni kwamba watu wa upande huu wa Likasi walikuwa wameshauvunja mgongo kabla yeye hajafika. Baruti ya Msiri ilikuwa inakwisha, nusu ya wapiganaji wake walikuwa mbali, na yeye mwenyewe alikuwa mzee.

Siku tano za mazungumzo zilipita hivi: Stairs anataka bendera ya Dola Huru ikubaliwe, Msiri anataka baruti kwanza na anataka kujua Waingereza watatoa nini. Hii haikuwa hila ya ajabu. Mtawala yeyote aliyezungukwa na wateja wawili angefanya hivyo, na Msiri alikuwa ameishi kwa biashara tangu ujana wake. Tarehe 19 Desemba Stairs alichoka. Alipandisha bendera juu ya kilima bila ruhusa ya mwenye nchi. Usiku huo Msiri aliondoka mjini akaenda Munema, kijiji chenye boma nje ya Bunkeya.

Asubuhi ya tarehe 20 Stairs aliwatuma Bodson na Bonchamps na askari wapatao mia wakamkamate. Yeye alibaki kambini, na hilo liwekwe wazi, maana mara nyingine huandikwa kana kwamba alimuua Msiri kwa mkono wake. Bodson aliingia bomani na askari wachache. Bonchamps alingoja nje. Kwa maelezo ya Moloney, Msiri alichomoa upanga ambao Stairs mwenyewe alikuwa amemzawadia, na Bodson akampiga risasi kwa bastola. Mtoto mmoja wa Msiri akampiga Bodson risasi ya tumbo, na katika vurugu hizo Hamadi bin Malum akajeruhiwa mguu. Bodson alikufa jioni hiyo. Wakaibeba maiti ya Msiri hadi kambini, wakaikata kichwa, na kichwa wakakitundika juu ya mti mrefu mbele ya watu wake. Bonchamps alilikiri jambo hilo katika maandishi yake ya Paris mwaka uliofuata, akilieleza kuwa somo la kishenzi kwa watu wa Garanganze. Ofisa aliyeongoza safari hiyo alikuwa na cheo kilichotiwa saini na Malkia Victoria, na mafuvu kwenye uzio wa Bunkeya yalikuwa miongoni mwa sababu walizozitaja za kumwondoa Msiri.

Kichwa hakikuzikwa na mwili. Kilikokwenda kumezaa hadithi nyingi miongoni mwa Bayeke, watu wa Msiri, mojawapo ikisema kwamba kila aliyekibeba alikufa. Historia haihitaji hadithi hiyo, ila ni kweli kwamba waliohusika walikufa upesi mno.

Stairs alimweka Mukanda Bantu, mmoja wa watoto wa Msiri, kuwa mtawala, akampunguzia nchi na kuwarudishia Wasanga machifu wao. Alijenga ngome. Kisha njaa ileile waliyoitumia Wasanga kumdhoofisha Msiri ikawageukia wageni. Januari 1892 wapagazi walianza kufa kwa makumi, kwa njaa na kuhara, wakila majani na nzige. Wazungu waliugua malaria, na Stairs akalala bila kuweza kusimama, mara nyingine akiweweseka. Bonchamps alishika uongozi. Walikaa ndani ya ngome juu ya utajiri mkubwa kuliko wote wa shaba Afrika, na hakuna aliyekuwa na unga.

Tarehe 30 Januari msafara mwingine wa Wabelgiji ulifika, ule wa Lucien Bia na Émile Francqui. Ndani yake alikuwamo Jules Cornet, mwanajiolojia wa miaka 20 na ushei. Stairs alikabidhi ngome, akaondoka akibebwa kwa machela mwanzoni mwa Februari. Cornet ndiye aliyezunguka vilima vya Kambove na Likasi mwaka huo, akapima na kuchora kile ambacho Wasanga walikuwa wakikijua kwa karne kadhaa. Kwa hiyo kapteni aliyeitwaa nchi ya shaba hakuwahi kuichunguza. Kwa mhandisi na mpimaji, nadhani hilo lingemuuma.

Njia ya kurudi ilikuwa ya kusini-mashariki: Ziwa Nyasa, mto Shire, kisha Zambezi hadi baharini. Stairs alipata nafuu kidogo mashuani, akaanza kutembea tena. Walipofika Chinde, kwenye mdomo wa Zambezi, homa ilirudi. Alikufa tarehe 9 Juni 1892, meli ya kumpeleka nyumbani ikisubiriwa. Alizikwa palepale. Kati ya watu karibu 400 wa msafara, 189 ndio waliorudi Zanzibar. Wengi wa waliobaki walikufa, wachache walitoroka. Shajara yake ya safari ilichapishwa mwaka uliofuata kwa Kifaransa, na Moloney akatoa kitabu chake London. Kingston na Rochester zina kumbukumbu za jina lake ukutani. Wangwana waliokufa Bunkeya hawana ukuta.

Faida ilichelewa kidogo, lakini ilikuja. Compagnie du Katanga ilipata theluthi yake. Mwaka 1900 iliungana na Dola Huru katika Comité Spécial du Katanga, ambayo ilitawala ardhi na madini kama serikali ndogo. Mwaka 1906 ikazaliwa Union Minière. Mwaka 1911 shaba ya kwanza ilimwagwa Lubumbashi, na miaka michache baadaye reli ilikuwa imepita Likasi kwenda Kambove. Na nani alikuwa mshirika mkubwa wa Wabelgiji tangu mwanzo? Tanganyika Concessions ya Robert Williams, Mskoti na rafiki wa Rhodes, ambaye watu wake wakiongozwa na George Grey walitafiti Katanga kuanzia 1899. Waingereza waliopokonywa nchi na ofisa wao wenyewe walirudi kwa mlango wa hisa, bila gharama ya kuitawala.

Ukoo wa Msiri haukufutika. Mukanda Bantu aliwatumikia Wabelgiji dhidi ya maadui wa zamani, na mwaka 1960 mmoja wa ukoo huo, Godefroid Munongo, akawa waziri wa mambo ya ndani wa Katanga iliyojitenga. Septemba mwaka uliofuata, hapahapa Jadotville, kikosi cha Waireland 155 wa Umoja wa Mataifa kilizingirwa siku kadhaa na majeshi ya Katanga hiyo hadi kikaishiwa maji na risasi. Bunkeya hadi leo ni makao ya Mwami wa Bayeke, na tarehe 20 Desemba ni siku ya kumkumbuka Msiri.

Tukimpima Stairs kwa daftari la jeshi lake, utumishi wake ni wa miaka saba, na katika miaka hiyo hakupigana hata vita vimoja vya malkia aliyempa cheo. Mapigano yake yote aliyafanya akiwa likizo. Alikuwa hodari, mvumilivu na mtiifu kwa aliyemlipa, na sifa hizo ndizo zilizomfaa Leopold. Wasomi wengine wa Kanada humwita mpelelezi shujaa. Mimi naona alikuwa mtumishi wa kampuni ya madini aliyeuawa na kazi hiyo akiwa na cheo, naye aliingia Katanga miaka thelathini hivi kabla mitambo ya Panda haijawashwa.